Joho Lililobaki Mikononi: Asili ya Neno “Escape”



Tafakari ya juma hili inahusu neno moja la Kiingereza ambalo vijana wetu hukutana nalo kila siku: “escape”. Limefupishwa kuwa “Esc” kwenye kitufe cha juu kushoto cha kompyuta. Limo katika majina ya filamu na michezo, katika matangazo ya safari za mapumziko, na katika taarifa za habari juu ya wafungwa na wakimbizi. Kwa haraka tunalitafsiri “kutoroka”, kisha tunaendelea na mambo yetu. Lakini neno hili lina historia ndefu, nayo inapita mahakamani, gerezani, katika soko la watumwa na hata altareni. Tukiifuata kwa makini, itatukumbusha jambo ambalo ni rahisi kulisahau: kutoka kifungoni na kuwa huru si kitu kimoja.

1. Neno moja la Kiingereza, maneno mengi ya Kiswahili

Tuanze na maana. Mfungwa hutoroka gerezani. Samaki huponyoka mkononi mwa mvuvi. Abiria hunusurika katika ajali au, kama tusemavyo, huponea chupuchupu. Mjanja hukwepa adhabu. Gesi huvuja kutoka kwenye mtungi. Lutu na binti zake huokoka katika maangamizi ya Sodoma. Jina la mtu uliyemfahamu zamani hukutoka akilini. Mambo haya yote saba, Mwingereza anaweza kuyasema kwa neno hilo hilo moja, “escape”.

Kiswahili, kwa hekima yake, kimeyagawanya, na katika kuyagawanya kimetoa pia hukumu. Anayetoroka huitwa mtoro, na utoro una lawama ndani yake: mwanafunzi aliyekimbia shule ni mtoro, askari aliyeacha lindo ni mtoro, na hapo zamani mtumwa aliyemkimbia bwana wake aliitwa mtoro vile vile, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Anayeokoka, kinyume chake, hana lawama. Sisi husema Mungu amemwokoa, na jirani huja kutoa pole na kushukuru pamoja naye. Neno la Kiingereza halihukumu hivyo. Linaeleza tu kwamba mtu, mnyama au kitu kilikuwa kimeshikwa, na sasa hakijashikwa tena.

Hata kile kitufe cha kompyuta kina maana ya namna hiyo. Mwaka 1960 mtaalamu wa kampuni ya IBM, Bob Bemer, alipendekeza alama maalumu ya kuiambia mashine kwamba herufi zinazofuata zisisomwe kwa utaratibu wa kawaida, bali kwa utaratibu mwingine. Wakati ule kila aina ya kompyuta ilikuwa na alfabeti yake, na mashine hazikuweza kuelewana. Alama ile ilikuwa mlango wa kutoka katika mfumo mmoja na kuingia katika mwingine. Baadaye watumiaji wakaizoea kama kitufe cha kuachana na jambo lililokwama.

2. Asili yake: kuvuliwa joho

Neno “escape” liliingia katika Kiingereza yapata mwaka 1300. Lilitoka katika Kifaransa cha Wanormani, watu walioiteka Uingereza mwaka 1066 na kuifanya lugha yao kuwa lugha ya wakubwa na ya mahakama. Ndugu zake wa damu wako hai hadi leo: Wafaransa husema “échapper”, Waitalia “scappare”, Wahispania na Wareno “escapar”, na hata Waromania wana neno lao la ukoo huo. Ndugu wakiwa wengi namna hii, ni dalili kwamba baba yao alikuwa mmoja na wa zamani. Wanaisimu humtaja baba huyo kuwa neno la Kilatini cha watu wa kawaida, Kilatini cha sokoni na kambini, ambacho wasomi hawakukiandika vitabuni. Kwa kuwa halikuandikwa, wamelijenga upya kwa kuwalinganisha watoto wake: excappare.

Neno hilo lina sehemu mbili. Ex ni “kutoka nje ya”, na cappa ni joho, vazi la nje lenye kofia ambalo watu wa nyakati za mwisho za Dola la Roma walijifunika dhidi ya baridi na mvua. Kwa hiyo “escape”, kwa asili yake, ni kutoka ndani ya joho lako. Picha yake ni hii: mtu anakimbia, adui anamfikia na kulishika joho lake, naye anachomoka ndani yake na kuendelea kukimbia. Mikononi mwa adui kunabaki kitambaa. Mtu hayupo.

Wahenga wetu wangelielewa jambo hili mara moja, maana walisema: heri nusu ya shari kuliko shari kamili. Ni afadhali kupoteza joho kuliko kupoteza maisha.

Lakini tusilidharau joho. Kwetu sisi tulio na nguo za kubadilisha, kuacha vazi ni jambo dogo. Kwa maskini wa kale halikuwa dogo. Sheria ya Musa, katika sura ya 22 ya Kitabu cha Kutoka, inaagiza kwamba anayelichukua vazi la jirani yake kuwa rehani ya deni, amrudishie kabla ya jua kuzama, kwa sababu maskini huyo hana kitu kingine cha kujifunika alalapo. Joho lilikuwa nguo mchana na blanketi usiku. Aliyeliacha mikononi mwa adui alikuwa ameokoa maisha, lakini usiku wa kwanza wa uhuru wake ulikuwa usiku wa baridi.

3. Wawili walioacha mavazi

Maandiko Matakatifu yana matukio mawili yanayofanana kabisa na picha hii. Sisemi kwamba ndiyo yaliyolizaa neno. Askari na wachuuzi wa Kirumi hawakuhitaji Biblia ili waone mtu akiponyoka na kuacha nguo. Lakini matukio haya yanatusaidia kuona uzito uliomo ndani yake.

La kwanza ni la Yosefu katika nyumba ya Potifa (Mwanzo 39). Mke wa bwana wake alimshika vazi, naye akaliacha mkononi mwake akakimbia nje. Je, alipata uhuru? La. Vazi lile lile aliloliacha lilifanywa ushahidi dhidi yake, na Yosefu akatupwa gerezani. Alikwepa dhambi, hakukwepa kifungo. Mkononi mwa mshitaki, kitu tulichokiacha nyuma chaweza kusema uongo kwa niaba yetu.

La pili limo katika Injili ya Marko peke yake (14:51-52). Usiku wa kukamatwa kwa Bwana wetu, kijana mmoja alikuwa akimfuata, amejitanda shuka ya kitani mwilini mtupu. Walipomshika, aliiacha ile shuka akakimbia uchi. Marko hamtaji jina, wala hasemi kijana yule alikwenda wapi. Neno la Kigiriki la shuka ile ni sindon, nalo ndilo analolitumia tena katika sura ya 15 kuitaja sanda ambayo Yosefu wa Arimathaya aliuzungushia mwili wa Bwana. Kijana aliiacha kitani ili asife, na Bwana alivikwa kitani kwa kuwa amekufa. Mmoja aliponyoka, mwingine alikubali kushikwa.

4. Sheria ya Kiingereza na mbuzi wa jangwani

Neno lilipokwisha kukaa Uingereza, wanasheria walilipa kazi ambayo wengi hawaijui. Katika sheria ya kale ya nchi ile, “escape” lilikuwa hasa jina la kosa la mlinzi. Askari au mkuu wa gereza aliyemwachia mfungwa aende zake, kwa makusudi au kwa uzembe, alishitakiwa kwa kosa hilo. Hata kijiji kizima kiliweza kutozwa faini kwa sababu mhalifu aliyekuwa amekamatwa humo ameponyoka. Sheria ile ilijua ukweli mmoja mchungu: mmoja akitoka, mara nyingi kuna mwingine anayebaki nyuma kulipa.

Mwaka 1530 mtafsiri wa Biblia William Tyndale alilitumia neno hili kuunda neno jipya. Alikuwa akitafsiri sura ya 16 ya Kitabu cha Mambo ya Walawi, juu ya mbuzi wawili wa Siku ya Upatanisho. Mmoja alichinjwa kwa ajili ya Bwana, na wa pili aliwekewa juu ya kichwa chake dhambi zote za taifa, kisha akapelekwa jangwani kwa Azazeli. Biblia ya Kilatini ya Mtakatifu Yeronimo ilikuwa imemwita mbuzi wa kupelekwa mbali. Tyndale akamwita “scapegoat”, yaani mbuzi aponyokaye, akilikata neno “escape” herufi yake ya kwanza. Baadaye Waingereza walianza kulitumia kwa mtu yeyote anayebebeshwa makosa ya wengine.

Tazameni ajabu ya neno hilo. Mbuzi yule ameponyoka kisu, lakini ndiye mwenye mzigo mzito kuliko wote. Ametoka kambini, lakini hakwenda malishoni. Amekwenda nyikani peke yake, na waliobaki nyuma ndio waliofunguliwa. Ndani ya neno lenyewe la kuponyoka mnakaa kiumbe ambaye hakupata uhuru wowote.

5. Joho la Mtakatifu Martino

Sasa tugeukie mtoto mwingine wa cappa. Neno hilo la joho lilikuwa na uzao mwingi. Kwa Kiingereza limezaa “cap”, yaani kofia, na “cape”, yaani joho fupi la mabegani. Limezaa pia jina la Wakapuchini, ndugu wa Mtakatifu Fransisko walioidhinishwa mwaka 1528, ambao Waitalia waliwaita hivyo kwa sababu ya kofia ndefu ya kanzu yao. Hata kahawa ya kapuchino imeitwa kwa rangi ya kanzu hiyo. Lakini mtoto aliye mashuhuri kuliko wote ni “chapel”, yaani kikanisa, na habari yake ni hii.

Katika karne ya 4 palikuwa na askari wa Kirumi aitwaye Martino, mzaliwa wa Pannonia, nchi ambayo sehemu yake leo ni Hungaria. Alikuwa bado mkatekumeni. Katika majira ya baridi kali, kwenye lango la mji wa Amiens huko Galia, ndiyo Ufaransa ya leo, alikutana na maskini aliye uchi, ambaye wapita njia wote walikuwa wamempuuza. Martino hakuwa na kitu kingine ila silaha na joho lake la kijeshi. Alichomoa upanga, akalikata joho vipande viwili, nusu moja akampa maskini na nusu nyingine akajifunika mwenyewe. Usiku ule alimwona Kristo katika ndoto, amevaa ile nusu. Habari hii iliandikwa na Sulpicius Severus, aliyemfahamu Martino ana kwa ana.

Sulpicius anatueleza pia jinsi Martino alivyoacha jeshi. Alipoomba ruhusa kwa Kaisari Juliano, kwenye uwanja wa Worms, alishutumiwa kuwa mwoga anayekimbia vita ya kesho yake. Martino hakutoroka usiku. Alijitolea kusimama mbele ya majeshi bila silaha, ngao wala kofia ya chuma. Kesho yake maadui waliomba amani, na Martino akaachiliwa. Aliingia utawa, akawa Askofu wa Tours, akafariki mwaka 397.

Nusu ile ya joho iliyohesabiwa kuwa yake ikawa masalia matakatifu ya wafalme wa Wafranki. Iliitwa capella, yaani joho dogo. Wafalme waliibeba vitani na watu waliapa juu yake. Makasisi waliowekwa kuitunza waliitwa cappellani, na mahali ilipohifadhiwa pakaitwa capella vile vile. Polepole jina hilo likaenea kwa kila kikanisa cha ikulu, cha shule, cha hospitali, cha gereza. Waingereza wakasema “chapel”, na kasisi wake wakamwita “chaplain”. Nyimbo ziimbwazo bila ala, kwa mtindo wa vikanisa vya namna hiyo, zikaitwa “a cappella”, na wanakwaya wetu wanalijua neno hilo vizuri.

Basi, wapendwa, “escape” na “chapel” ni ndugu. Neno la kuponyoka na neno la nyumba ya sala yametoka katika joho moja. Katika neno la kwanza, mtu anaacha joho lake ili ajiokoe. Katika la pili, mtu anakata joho lake ili amfunike mwenzake. Na mtu aliyeponyoka akiacha joho lake, anamhitaji nani kuliko mtu mwenye joho la kugawana?

6. Mlango wa Durham

Historia ya Uingereza inatuonyesha mahali ambapo ndugu hawa wawili walikutana hasa. Katika Zama za Kati, mtu aliyekuwa akifukuzwa kwa kosa la kuua au la kuiba aliweza kukimbilia kanisani, na waliomfukuza hawakuruhusiwa kumtoa humo kwa nguvu. Kwa kawaida alipewa siku 40 za kukata shauri: akubali kuhukumiwa, au aungame kosa lake na kuapa kuiacha nchi milele, akitembea hadi bandarini na msalaba mkononi, mali zake zikitaifishwa. Desturi hii ilipunguzwa nguvu hatua kwa hatua, ikafutwa na Bunge katika miaka ya 1620.

Kwenye Kanisa Kuu la Durham, kaskazini mwa Uingereza, lilipo kaburi la Mtakatifu Cuthberti, mkimbizi aligonga mlango kwa pete kubwa ya shaba yenye uso wa mnyama. Palikuwa na watu waliowekwa kumfungulia hata usiku. Alipokwisha kuingia na kueleza kosa lake mbele ya mashahidi, alipewa joho jeusi lenye msalaba wa manjano, msalaba wa Mtakatifu Cuthberti, juu ya bega la kushoto. Alilala, akala na kunywa kwa gharama za kanisa kwa siku 37. Kumbukumbu za Durham za kati ya mwaka 1464 na 1524 zinaonyesha watu zaidi ya 300 waliopokewa hivyo.

Tusidanganyane: wengi wao walikuwa wameua. Utaratibu ule ulitumiwa vibaya na wengine, na walalamikaji hawakukosekana. Lakini lile joho jeusi linasema mengi. Mtu amefika akihema, ameacha nyuma kila kitu. Kabla ya shauri lake kuamuliwa, anafunikwa.

7. Kutoroka na kukombolewa

Historia ya utumwa inatufundisha sehemu ya pili ya somo hili. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland, Marekani. Tarehe 3 Septemba 1838 alipanda treni mjini Baltimore akiwa amevaa nguo za baharia, na mfukoni ana hati aliyoazimwa na baharia mweusi aliyekuwa huru. Kesho yake asubuhi alikuwa New York. Yeye hakuponyoka kwa kuvua vazi, aliponyoka kwa kuvaa vazi la mwingine, na mwenye hati ile alijitia hatarini kwa ajili yake. Kwa muda wa zaidi ya miaka 40 Douglass alikataa kueleza hadharani alivyotoroka. Alifanya hivyo mwaka 1881 tu, utumwa ulipokuwa umekwisha kufutwa. Hakutaka kuifunga njia kwa wale waliobaki nyuma, wala kuwaponza waliomsaidia.

Hata hivyo, kwa sheria ya nchi yake alikuwa bado mali ya bwana wake. Alipochapisha habari za maisha yake mwaka 1845 akitaja majina, ilimbidi kuvuka bahari kwenda Ireland na Uingereza kwa kuhofia kukamatwa. Huko marafiki walichanga pauni 150, na mwaka 1846 wakamnunulia uhuru wake. Wapo waliolaumu, wakisema kumlipa bwana ni kukiri kwamba mtu anaweza kuwa mali. Lakini kwa malipo hayo Douglass alirudi Marekani mwaka 1847 bila kuhofia tena kurudishwa utumwani. Alitoroka mwaka 1838, akakombolewa mwaka 1846. Kati ya maneno hayo mawili palikuwa na miaka minane ya kutazama nyuma.

Pwani yetu nayo inayajua maneno hayo mawili. Bagamoyo, Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni yao mwaka 1868, waliwakusanya watumwa waliokombolewa kwa fedha, hasa watoto. Na huko Rabai, karibu na Mombasa, watoro wengi walikuwa wamekimbilia kwenye misheni ya ndugu zetu Waanglikana, na mabwana wao wakawadai kwa vitisho. Shauri hilo lilimalizika tarehe 1 Januari 1889, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipowalipa mabwana fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Siku moja kabla walikuwa watoro. Siku ile wakawa waliokombolewa. Miguu yao iliwafikisha Rabai, lakini ilibidi mtu mwingine alipe ndipo waweze kulala usingizi.

8. Kukimbia kupi?

Katika karne ya 20 neno letu lilipata mjukuu mwenye sifa mbaya, “escapism”, yaani tabia ya kukimbilia ndoto, burudani au ulevi ili kuukwepa ukweli. Mkatoliki mmoja mwenzetu alilitetea neno mama. Tarehe 8 Machi 1939, katika Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskoti, mwandishi J.R.R. Tolkien, aliyekuwa profesa wa Kiingereza cha kale mjini Oxford, alitoa mhadhara juu ya hadithi za kale. Alisema kwamba wanaolaumu wanachanganya vitu viwili: mfungwa anayetafuta njia ya kurudi kwao, na askari anayewakimbia wenzake vitani. Wote wawili wametoka. Lakini wa kwanza hana lawama.

Tofauti hiyo Kiswahili kinaisikia katika maneno kutoroka na kuokoka, na Matendo ya Mitume inatuonyesha kwa mifano. Katika sura ya 12, malaika anamwamsha Petro gerezani, minyororo inaanguka, naye anaambiwa afunge mshipi, avae viatu, ajitande vazi lake na kumfuata. Mungu anapomtoa mtu, humtoa akiwa amevaa. Kilichobaki nyuma ni minyororo tu. Lakini Luka hafichi gharama: kesho yake Herode, kwa udhalimu wake, aliamuru walinzi wauawe. Katika sura ya 16, kule Filipi, tetemeko linafungua milango yote, na Paulo na Sila hawatoki. Mlinzi alikuwa tayari ameuelekeza upanga kwake mwenyewe, na Paulo akapaza sauti kumzuia. Milango ilikuwa wazi, na Paulo alibaki ili mtu mwingine asife. Nani kati ya watu wa usiku ule alikuwa huru kuliko yule aliyebaki?

Na Bwana wetu mwenyewe, ambaye zaidi ya mara moja alipita katikati ya waliotaka kumkamata akaenda zake, saa yake ilipofika hakuponyoka. Alivuliwa mavazi, na askari wakayapigia kura. Joho lake lilibaki mikononi mwa maadui kama la kila mtoro, lakini Yeye hakukimbia. Hapo ndipo kuponyoka kulipogeuka kuwa ukombozi.

Wapendwa, katika jumuiya zetu ndogo ndogo wapo waliofika wakiwa wameacha joho. Yupo mama aliyekimbia kipigo usiku na watoto wawili, bila hata sanduku. Yupo kijana aliyejinasua katika dawa za kulevya, na marafiki zake wote wamebaki kule. Yupo mkimbizi aliyevuka mpaka bila karatasi. Swali letu la kwanza kwao mara nyingi ni la mshitaki wa Yosefu: kwa nini umeacha hiki, kwa nini umeacha kile? Swali la Martino ni jingine: unajifunika nini usiku huu? Na kama sisi wenyewe ndio tunaotaka kutoka mahali fulani, tujiulize kwa ukweli: je, ni minyororo ninayoiacha, au ni mtu atakayelipa kwa sababu yangu?

Kasisi anayekwenda gerezani kuwaadhimishia Misa watu wasioweza kutoka, kwa asili ya jina lake la Kiingereza, ni mtunza joho. Lakini joho lenyewe alilikata askari ambaye hata ubatizo hakuwa ameupokea bado. Kazi hiyo, basi, ni ya kila mmoja wetu.

Mungu Mwenyezi awafunike kwa huruma yake wote waliotoka wakiwa watupu, na atujalie sisi moyo wa kugawana. Nawatakieni Dominika njema. Amina.